Saa Ihesabiwe Tangu Damu Ianze Kutoka

Ukiuliza Kakuma iko umbali gani kutoka Lodwar, utajibiwa kilomita kama 120. Kwa ndege ndogo, hata nusu saa haiishi. Mimi daktari sikubaliani na hesabu hiyo.

Chukua mama aliyejifungua kisha akaanza kuvuja damu kwa wingi. Asipotibiwa, anaweza kufariki katika muda wa saa mbili hivi. Safari yake huanza damu inapoanza kutoka, wala si magurudumu yanapoacha ardhi. Kwanza atafutwe mwenye simu, kisha gari, na huenda boma lake liko mbali na barabara. Ndege nayo yataka rubani, ruhusa na kiwanja kinachoonekana. Ikitoka Wilson, Nairobi, itakuwa angani zaidi ya saa moja kabla ya kumfikia.

Ni kweli lami imepunguza taabu (waliosafiri katika vumbi la zamani wanajua). Lakini mvua ikinyesha, laga hufurika ghafla, na gari hubaki ng'ambo likingoja maji yapungue.

Kwa hiyo fedha ziende kwanza kwa wakunga wa vituo vya mashambani, kwa damu iliyopimwa, na kwa sindano ya oksitosini iliyohifadhiwa ndani ya friji. Katika joto la Turkana dawa hiyo huharibika upesi.

Nawe mama, hasa uliyewahi kuvuja damu ulipojifungua, hamia karibu na hospitali majuma mawili kabla ya siku zako. Baba auze mbuzi wa nauli sasa, asingoje usiku wa uchungu.