Mashine Hula Masikio

Wakulima wa skimu zetu wajua sana kutunza mashine. Mwenye trekta hutazama oili kila asubuhi, mwenye kinu cha posho huweka mkanda wa akiba, na mwenye msumeno wa petroli hunoa meno yake kabla ya kazi. Lakini mwulize mtu huyo huyo ayatunzaje masikio yake, ambayo hukaa karibu na mashine hiyo mchana kutwa, naye atacheka. Mimi naona si jambo la kuchekesha.

Kwanza yafaa kufahamu sikio lilivyo. Ndani kabisa, nyuma ya ngoma ya sikio, mna kitu kidogo kilichojiviringa mfano wa konokono, nacho kimejaa maji. Humo mna chembe zenye vijinywele visivyoonekana kwa macho, kiasi cha chembe 15,000 katika kila sikio. Sauti ikiingia, maji hutikisika na vijinywele hupinda kama ngano inavyopinda kwa upepo, na hapo habari hupelekwa ubongoni. Upepo wa kiasi hauidhuru ngano, hupinda ikainuka. Upepo mkali ukivuma siku baada ya siku, ngano hulala isiinuke tena. Ndivyo zinavyokufa chembe zile, na mwanadamu haoti nyingine. Kuku huota: mwaka 1988 wataalamu walitangaza ya kwamba ndege walioharibiwa masikio kwa kelele hupata chembe mpya. Basi kuku wako amepewa kitu ambacho wewe hukupewa. Waliosema sikio la kufa halisikii dawa walikuwa wakiwasema watu wakaidi, lakini hata kwa sikio lenyewe neno lao ni kweli.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Watu wakizungumza kwa utulivu ni kama desibeli 60. Wataalamu wa afya ya kazini husema mtu asikae zaidi ya saa 8 kwa siku katika kelele ya desibeli 85, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo ukatwe nusu. Kwa hesabu hiyo 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na 100 ni dakika 15 tu. Msumeno wa petroli hupita 100. Trekta kuukuu isiyo na kibanda cha dereva, mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, kinu cha posho ndani ya nyumba ya mabati, zote zaweza kuvuka 85 mbali sana. Hata nguruwe wakililia chakula bandani huweza kufika 100. Asiye na kipimo atumie hiki: ikiwa mwenzako yu umbali wa mkono mmoja, nawe huna budi kupaza sauti ndipo akusikie, kelele hiyo yadhuru.

Ubaya wa jambo hili ni kwamba haliumi. Jioni masikio hulia kama nyenje, au husikia kama yamezibwa kwa pamba. Asubuhi yamefunguka, na mtu hudhani amepona. Mwaka baada ya mwaka mambo huendelea hivyo, mpaka siku moja hayafunguki. Tena sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza, yaani s, f, t na sauti za watoto. Kwa hiyo mtu huyu husikia kwamba unasema, lakini hasikii unasema nini. Mnunuzi akisema “sita” yeye aweza kusikia “tisa”, na ugomvi huanza hapo hapo kwenye mizani. Nyumbani humlaumu bibi yake kwamba anasema chini chini. Mezani petu ofisini hufika wazee wa namna hiyo. Huitikia “ndiyo” kwa kila swali, kwa sababu wanaona haya kuuliza mara ya tatu, kisha fomu hujazwa makosa. Watu husema mzee fulani ana kiburi siku hizi, hajibu salamu. Pengine hakuisikia.

Wala si jambo geni duniani. Mwaka 1886 daktari mmoja wa Glasgow, Thomas Barr, aliwapima mafundi 100 waliokuwa wakigonga mabati ya maboila, na akaona jinsi kazi ile ilivyowaharibu masikio. Hapa Kenya kanuni za kelele kazini zilitolewa mwaka 2005, nazo ziliweka mpaka wa desibeli 90 kwa saa 8. Lakini kanuni hukaa katika vitabu, na kinu hukaa sokoni. Ninalolitetea mimi ni hili: chama au mtu mwenye mashine ndiye apaswaye kununua vikinga masikio, si kijana anayelipwa kwa siku. Chama kinachoweza kununua dizeli chaweza kununua vizibo vya sponji, maana jozi moja bei yake haifiki lita moja ya dizeli. Na watoto wasipewe kazi ya kukata majani kwa mashine ya injini. Masikio yao yana miaka mingi ya kutumika.

Madereva wengine hukataa. Husema, “Nisipoisikia injini nitajuaje imeharibika?” Swali hilo ni la haki. Lakini kikinga hakinyamazishi kila kitu. Hupunguza tu, na mlio uliobadilika bado husikika. Lililo la hatari ni mtu kutomsikia mwenzake anayepiga kelele asimame. Kwa hiyo wapatane ishara za mikono kabla ya kuwasha.

Pamba haifai, maana kelele hupita ndani yake kama maji katika chujio. Kizibo cha sponji ukikisokote kwa vidole safi mpaka kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, kitie, kisha ukishikilie mpaka kifure. Kikibaki nje nusu, hujafanya kitu. Vile vifuniko vikubwa vya kuvaa juu ya masikio ni vizuri kwa mwenye msumeno, lakini kilemba au kofia ikiingia katikati hupenyeza kelele. Na injini ya kinu yaweza kuwekwa nje ya ukuta, na silensa iliyotoboka ibadilishwe.

Si kila uziwi hutoka kwa kelele. Nta iliyoziba au usaha huweza kutibiwa hospitalini, kwa hiyo mtu apimwe asije akakata tamaa bure. Wala asichokore kwa njiti au kutia mafuta ya moto. Uziwi wa kelele hauna dawa hiyo. Chombo cha kusaidia kusikia hukuza sauti, lakini hakirudishi chembe zilizokufa, nacho ni ghali.

Mikutano ya mwaka ya vyama haikosi hesabu ya mikanda na vipuri. Mwanachama mmoja na ainuke aulize hesabu ya vikinga masikio iko ukurasa gani, na pia kama waendeshaji wa kinu ni wawili wa kupokezana, au ni kijana mmoja tangu asubuhi hadi jioni.