Meza ya Fordsburg Haihami



Katika kikao chetu cha mwezi uliopita lililetwa pendekezo ambalo hatukulitarajia. Baadhi ya wenzetu wanataka mkusanyiko wetu wa kila mwezi, ambao kwa miaka mingi tumeufanyia Fordsburg, uhamishiwe kwenye baa moja ya vitongoji vya kaskazini mwa Johannesburg. Si baa ya fujo, walituhakikishia. Ni mahali pa heshima ambapo chakula ndicho kinachotangulia, watoto wanaruhusiwa mchana, na bia inayouzwa si ile ya chupa tuliyoizoea bali ni bia ya kweli, inayopikwa kidogo kidogo na kutolewa kwenye pipa ikiwa bado hai. Fordsburg, walisema, ni kukavu. Mtu mzima hawezi kuzungumza mambo mazito saa tatu nzima akiwa ameshika chupa ya soda.

Tunaandika kulipinga pendekezo hilo. Lakini kabla ya kulipinga tulilitendea haki: tulikwenda kuiona hiyo baa.

Tulikwenda watu kumi na mmoja, Jumamosi mchana. Mahali ni pazuri, hilo hatulikatai. Meza ni za mbao nene, mhudumu ana adabu, na mpishi anajua kazi yake. Bia tuliyoletewa ilikuwa ya rangi ya asali iliyoiva, ina ukungu kidogo, si baridi ya kukata meno, na povu lake lilikuwa dogo. Wale wanaokunywa miongoni mwetu walikunywa polepole na wakakiri kwamba ni nzuri. Ina uchungu wa maua ya hopsi, ina harufu ya mkate, na haimjazi mtu gesi tumboni. Mhudumu alitueleza kwa fahari kwamba haikuchujwa, kwamba hamira imo ndani yake na inaendelea kufanya kazi humo humo kwenye pipa, na kwamba haidumu; lazima inywewe ndani ya siku chache la sivyo itachacha.

Mzee mmoja wetu, mtu wa Marangu, aliiweka glasi mezani akacheka. Akasema, “Basi hii ni mbege.”

Hebu tukae hapo kidogo, kwa sababu maneno hayo yana uzito kuliko mzaha wake. Mwaka 1971 Waingereza wanne walianzisha chama cha kuitetea bia ya asili ya nchi yao, kwa kuwa viwanda vikubwa vilikuwa vikiibadilisha kuwa maji ya gesi, yenye ladha moja kila mahali. Chama hicho, kinachojulikana kama CAMRA, kiliweka masharti: bia ya kweli ni ile inayokomaa ndani ya chombo kile kile inamotolewa, bila kusukumwa na gesi ya kutiwa kutoka nje. Kwa masharti hayo mawili, kibuyu cha mbege kingepita bila swali. Ndizi mbivu zimechemshwa, kimea cha ulezi kimetiwa, gome la msesewa limetoa uchungu wake kama hopsi zinavyotoa wao, na kitu chote kinaendelea kuchachuka mpaka tone la mwisho. Busaa ya Magharibi ya Kenya ingepita. Umqombothi wa hapa hapa Afrika Kusini, wa mahindi na kimea cha mtama, ungepita.

Lakini sisi vitu hivyo tunaviitaje? Tunaviita pombe za kienyeji, na tukilitamka neno hilo tunakunja pua. Mama anayepika kwenye ua wake tunamwona mtu wa chini. Kijana wa kaskazini mwa Johannesburg mwenye ndevu na aproni akifanya kazi ile ile, tunamwita fundi, na tunamlipa bei ya glasi mbili ambayo Fordsburg ingetosha kumshibisha mtu kwa biriani. Ukipenda chongo huita kengeza.

Dharau hii haikuota yenyewe. Ilipandwa, na ilipandwa kwa sheria. Johannesburg ya miaka ya 1890 ilijaa vilabu vya pombe kali, na wenye migodi mwanzoni hawakuona ubaya, kwa sababu mchimbaji aliyemaliza mshahara wake kwenye chupa alichelewa kurudi kwao na hivyo aliendelea kuchimba. Walipoona kwamba watu wanalewa hadi hawashuki mgodini, waligeuka, na kuanzia mwaka 1897 Mwafrika alipigwa marufuku kabisa kuuziwa pombe. Mwaka 1908 koloni la Natal lilipata akili nyingine: manispaa ijipe ukiritimba wa kupika na kuwauzia Waafrika bia yao wenyewe, na faida ilipie gharama za kuwatawala. Mfumo huo wa Durban ulisafiri. Nairobi iliuchukua katika miaka ya 1920 na kilabu cha manispaa kikafunguliwa Pumwani. Ili kilabu cha serikali kipate wateja, ilibidi mama anayepika nyumbani akamatwe, mitungi yake ivunjwe, na bia yake iitwe uchafu.

Hapa Afrika Kusini wanawake hawakukubali kimya kimya. Mwezi Juni 1959, wanawake wa Cato Manor, Durban, walivamia vilabu vya bia vya manispaa. Mwaka 1962 ndipo sheria ilipomruhusu Mwafrika kununua bia na pombe za chupa kama watu wengine. Na mwaka 1976 wanafunzi wa Soweto walipoingia barabarani, vilabu vya bia vya serikali vilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuchomwa moto, kwa sababu walijua vilijengwa kwa kazi gani. Peter Abrahams, aliyezaliwa Vrededorp, mtaa unaopakana na Fordsburg, aliandika riwaya yake Mine Boy mwaka 1946. Mmoja wa watu wakubwa katika kitabu hicho ni Leah, mwanamke mwenye nguvu anayeuza bia kwa siri na kuwahifadhi wageni wasio na pa kulala. Mwishowe Leah anafungwa jela. Kosa lake ni lile ambalo tulilipa bili yake Jumamosi ile na kuacha bakshishi juu.

Kwa hiyo kwa mwenzetu anayesema kwamba tunakosa bia ya kweli, jibu letu la kwanza ni hili: hukuikosa. Uliiacha kwenu, na uliiona haifai mpaka mtu mwingine alipokuuzia.

Jibu la pili linahusu meza, na hili ndilo kubwa zaidi.

Tulikwenda kumi na mmoja. Kwenye kikao cha kawaida cha Fordsburg huwa tunazidi arobaini. Akina mama wa Mombasa na Pemba hawakuja. Wazee wawili wa Tanga hawakuja. Familia kutoka Mayfair, wanaokuja kwa miguu na watoto wao, hawakuja, kwa sababu huko kaskazini hakufikiki kwa miguu na teksi ni mbili kwenda na mbili kurudi. Mwenzetu mmoja Mwislamu alikuja kwa ajili ya udugu. Alikaa saa mbili mbele ya glasi ya maji, kwa kuwa jiko lile lile lililotoa kuku lilikuwa linatoa mbavu za nguruwe. Hakulalamika. Alitabasamu muda wote, na sisi tulioketi naye tuliona aibu.

Wenye pendekezo wana hoja moja ambayo lazima ijibiwe bila kejeli. Wanasema: kwa nini siku zote sisi tunaokunywa ndio tunaojinyima? Je, hiyo si dhuluma nayo? Tunajibu kwamba mizigo hii miwili hailingani. Anayekunywa anaweza kula Fordsburg akashiba, akazungumza, akacheka, kisha saa mbili usiku akaenda kunywa anakotaka. Asiyekunywa na asiyekula nguruwe hawezi kukaa mahali pale hata kwa dakika kumi akiwa na amani. Mmoja anaahirisha starehe. Mwingine anafungiwa mlango.

Lakini haki ina pande mbili, na hatutawaficha wale wa upande wetu. Wapo miongoni mwetu wanaoifanya meza ya Fordsburg kuwa mimbari. Mwenzao akiingia na harufu ya bia ya jana, wanasogeza viti. Wanasahau kwamba huyo huyo ndiye aliyelala hospitalini usiku kucha na mgonjwa wetu, au aliyechanga mara mbili bila kuulizwa. Kama meza hiyo ina wenyewe na wengine ni wageni, basi wenye pendekezo wana haki ya kuondoka. Tunawaomba ndugu zetu hao waache. Mahali pasipouzwa pombe hapageuki kuwa mahali pa kuhukumiana.

Tukumbuke pia tunakaa wapi. Tarehe 14 Machi 1922 majeshi ya Jan Smuts yaliipiga Fordsburg kwa mizinga ili kuwavunja wachimbaji wazungu waliogoma na kujichimbia katika uwanja wa soko. Miongo michache baadaye serikali ya ubaguzi iliwaondoa wafanyabiashara wa Kihindi kwenye maduka yao ya Mtaa wa Kumi na Nne, Pageview, na kuwasukumia kwenye Oriental Plaza iliyojengwa hapo Fordsburg katika miaka ya 1970. Watu waliovunjiwa nyumba wakaanza upya, wakafungua migahawa, na leo kwenye Mint Road unanunua sambusa kwa mtu wa Gujarat, mishikaki kwa mtu wa Pakistani, na ukitembea kidogo kuelekea Mayfair, wali na nyama ya mbuzi kwa Msomali. Mwezi Mei 2008, wageni walipowindwa katika jiji hili na watu 62 wakauawa nchini, wengi wetu tulijua kwa nini ni jambo la maana kuwa na mtaa ambao ukizungumza Kiswahili kwa sauti hakuna anayegeuka kukutazama vibaya.

Na kuna jambo la mwisho, ambalo wenye pendekezo wanalijua vizuri kama sisi. Mkusanyiko huu haukuanzishwa kwa ajili ya chakula, sembuse bia. Ulianzishwa kwa sababu ya maiti. Miaka kadhaa iliyopita mwenzetu alifariki, na mwili wake ukakaa chumba cha maiti wiki nyingi kwa kuwa hatukuwa tumejuana wala kuchangishana. Fedha ya kumsafirisha ilipatikana mezani Fordsburg, kwenye sahani ya bati iliyopitishwa baada ya biriani. Waliotia walikuwa Waislamu na Wakristo, wanywaji na wasiokunywa, mwenye duka na mlinzi wa usiku. Sahani ile haizunguki vizuri mahali ambapo mlinzi wa usiku ameshamaliza pesa zake kwenye glasi mbili, au hakuja kabisa kwa sababu hana ya kununulia hata moja.

Basi tunapendekeza hivi. Kikao cha mwezi kibaki Fordsburg, Jumamosi ya kwanza, baada ya alasiri kama kawaida. Wanaotaka kwenda baa waende, tena waende kwa raha. Hatuna ugomvi na bia nzuri, na baadhi yetu tutafuatana nao. Ila bia isiwe sharti la kuonana. Na kwa wale wenye hamu ya kweli ya bia iliyo hai, tunalo wazo. Kuna mama mmoja wa Kilimanjaro katika jumuiya yetu ambaye hupika mbege kwa sherehe za nyumbani, na hupika kwa siri kama Leah, ingawa siku hizi anayemwogopa si polisi bali ni midomo yetu. Siku ya sherehe inayofuata nyumbani kwake, twendeni tumpongeze hadharani, na tumnunulie ulezi.

Wenzetu wa London, Minneapolis na Muscat mnaosoma haya, tunajua nanyi mna meza zenu na mna watu wanaotaka kuzihamisha. Kabla hamjapiga kura hesabuni kwanza nani hatakuja. Sisi tulihesabu Jumamosi ile, tukarudi nyumbani mapema.

Tukutane Fordsburg.