Mchezo Katika Siku za Dhiki



Katika nyumba nyingi siku hizi ugomvi juu ya simu haupungui. Mzazi amwona mwanawe ameinama juu ya kioo, vidole vyakwenda mbio, masikio hayasikii. Basi humnyang'anya, akaona ametimiza wajibu wake. Mara nyingi hutenda sawa, kwani mchezo ukizidi huharibu masomo, usingizi na adabu. Lakini mwezi huu nataka tuzungumze juu ya mtoto wa namna nyingine: yule aliyefikwa na msiba, au maradhi, au hofu, akaushika mchezo mmoja kama mtu aliyechukuliwa na maji ashikavyo gogo. Huyu je, naye tumnyang'anye?

Hapa kwetu Chinongwe lilipata kutokea jambo la namna hii. Kijana wa miaka 12, miongoni mwa wanafunzi wa madrasa, alifiwa na baba yake. Simu ya marehemu ilibaki nyumbani, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa kupanga vipande vinavyoanguka kutoka juu, ambao baba na mwana walikuwa wakishindana jioni. Baada ya mazishi mtoto hakulia mbele za watu, wala hakusema neno. Kila alipomaliza kazi zake alikwenda kukaa chini ya mkorosho akacheza. Bibi yake alichukia mno. Akanijia akasema, "Mwalimu, baba yake hana hata siku arubaini kaburini, naye yumo katika upuuzi! Simu hii nitaiuza." Nikamwambia, "Mama, nipe siku tatu."

Nilikwenda nikakaa karibu na yule kijana, nikamwomba anifundishe. Akanifundisha kwa subira, nami nikashindwa vibaya. Siku ya tatu alinionyesha hesabu moja iliyoandikwa pembeni mwa kioo, akasema, "Hii ni ya baba, Mwalimu. Bado sijaifikia." Hapo ndipo alipolia. Bibi alipopata habari hiyo hakutaja tena kuuza. Na kwa kuwa simu ile ilikuwa mali ya urithi, warithi watu wazima walikaa wakaridhiana kwamba ihesabiwe katika fungu la mtoto.

Msomaji aweza kusema: hayo ni mapenzi ya mtoto kwa baba yake, mchezo una sehemu gani? Jambo hili limepata kuchunguzwa. Mchezo wa vipande vya namna ile asili yake ni Tetris, uliobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza habari za jaribio walilolifanya katika hospitali moja ya Oxford, Uingereza, kwa watu 71 waliofikwa na ajali za barabarani. Kabla ya kupita saa 6 tangu ajali, baadhi yao walitakiwa waikumbuke ajali ile kwa muda mfupi, kisha wacheze Tetris kwa dakika 20 hivi. Wenzao walipewa kazi ya kuandika tu mambo waliyoyafanya pale hospitalini. Katika wiki iliyofuata, wale waliocheza walijiwa na picha za ajali, bila ya kutaka wenyewe, mara 9 hivi kwa wastani. Wale wengine mara 23.

Maelezo yao ni mepesi kufahamika. Mahali pa picha katika akili ni padogo. Mtu anapojishughulisha na kugeuza vipande na kuvipanga, ile picha ya kutisha haipati nafasi ya kukita mizizi. Haina maana kwamba ajali imesahauliwa, wala kwamba mchezo ni dawa ya kila jeraha la moyo. Maana yake ni kwamba akili imepata mahali pa kupumzikia.

Wazee wetu hawakuwa na majaribio ya hospitali, lakini jambo lenyewe walilijua. Tazameni bao. Lina mashimo 32 na kete 64. Mchezo uanzapo, kila mchezaji huwa na kete 22 mkononi, nazo zilizobaki zimo ubaoni, na kila kete aitiayo yambidi ahesabu itakwenda wapi, itakula nini, na mwenzake atajibu vipi. Mtu anayehesabu hivyo hawezi kwa dakika ile ile kuhesabu madeni yake. Katika msimu wa korosho wa mwaka 2018, malipo ya wakulima wengi wa huku kusini yalipochelewa, niliona vibaraza vimejaa wachezaji kuliko desturi. Mpita njia angeweza kuwaita wavivu. Lakini shamba lilikuwa limekwisha kuvunwa na fedha hazijafika. Hapakuwa na kazi ya kufanya ila kungoja. Bao halikumlipia mtu hata shilingi moja ya deni lake. Lilimrudisha nyumbani jioni hali ya kuwa aweza kusema na mkewe na watoto wake kwa sauti ya upole, na hilo si jambo dogo katika nyumba yenye shida.

Na katika Afrika Mashariki hii yetu yuko mtu ambaye mchezo ulimsaidia katika dhiki kubwa kuliko hiyo. Jina lake ni Lual Mayen. Alizaliwa wazazi wake wakikimbia vita katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini ya Uganda. Alipotamani kompyuta, mama yake aliweka akiba kidogo kidogo kwa miaka 3 mpaka zikatimia dola 300, akamnunulia. Ili aitie chaji ilimlazimu kwenda mwendo wa saa 3. Akaicheza michezo, kisha akajifundisha mwenyewe namna ya kuitengeneza, akatunga mchezo wake akauita Salaam, ambao mchezaji huwa ni mkimbizi anayetafuta chakula, maji na dawa ili afike penye amani. Mwaka 2018 alitunukiwa huko Marekani katika sherehe ya tuzo za michezo ya video. Mwenye kustahiki sifa zaidi katika habari hii ni mama. Fedha zile zingeweza kwenda kwenye mambo mengi ambayo wenye akili wangeyaona ya lazima zaidi. Lakini aliona kwamba kijana anayengoja miaka bila ya kitu cha kushughulisha akili yake huharibika.

Hata hivyo, kila kitu kina mpaka wake. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika Januari 2022, limeutaja uraibu wa michezo hii kuwa ni ugonjwa. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo yote, na kuendelea nao hata baada ya kuona madhara. Na kwa kawaida huangaliwa kwa muda wa miezi 12 kabla ya kuhukumu. Nayo ile ya kutia fedha kwa kubahatisha ni kamari, haimo katika maneno yetu haya. Hiyo humwongezea mwenye dhiki dhiki nyingine.

Basi mzazi atapambanua vipi? Mchezo ni kama kivuli cha mti njiani. Msafiri akaaye hapo jua kali likapita, kisha akanyanyuka kuendelea na safari, amefanya busara. Yule ajengaye nyumba chini ya mti ule amepotea njia. Mtazame mtoto anapoiweka simu. Je, anakula? Analala? Anakwenda chuoni na shuleni? Anasema na wenzake japo kidogo? Ikiwa ndiyo, mwache apumzike, umwekee saa maalumu. Ikiwa siku zapita naye hali wala halali, usigombane na simu. Mpeleke kwa daktari, kwani huzuni yake imeshinda nguvu za mchezo, na pengine za nyumba pia.

Na kabla ya yote hayo, enyi wazazi na walezi, kaeni naye. Mwambie mtoto, "Nifundishe." Mkubali kushindwa. Mtoto ambaye hawezi kujibu swali la "Una nini?" mara nyingi huweza kujibu swali la "Kipande hiki kinawekwa wapi?", na kutoka hapo maneno mengine hufuata yenyewe kwa wakati wake.