Kelele Hupita Nje ya Kebo

Wapenzi wengi wa redio ya ridhaa huamini kwamba kebo ya koaksi haiwezi kuleta kelele redioni, kwa kuwa imefunikwa kwa wavu wa shaba. Kelele ikizidi, lawama huangukia antena, au mtu hushauriwa anunue kebo ghali zaidi. Imani hiyo haikuzuka bure: wavu kweli hutenga mawimbi ya ndani na ya nje. Kosa ni kudhani hoja inaishia hapo.

Kwanza, kwenye megahezi 7 mkondo hauzami ndani ya shaba. Hutambaa juu juu, kwa kina cha takriban milimita 0.025. Kwa hiyo wavu mmoja hubeba mikondo miwili isiyokutana, mmoja upande wa ndani, mwingine wa nje. Katika nyumba ya Siakago, Mbeere, yenye sola juu ya bati, kidhibiti cha chaji, balbu za LED na chaja za simu humwaga kelele kwenye nyaya. Upande wa nje wa wavu huipokea na kuipandisha hadi juu, pale kebo inapofunguka kuunganishwa na mikono miwili ya dipoli. Hapo ndipo nje na ndani hukutana. Kelele huingia, ikateremka hadi redioni kana kwamba imetoka hewani.

Pili, kuna jaribio linalotolewa kama ushahidi: vua antena, funga kipingamizi cha ohmu 50 kwenye ncha ya juu ya kebo, usikilize. Redio ikitulia, kebo huhesabiwa haina hatia. Jaribio lenyewe halina ubaya, ila kipingamizi kilichofunikwa vizuri kimeziba mlango uleule ambao kelele hupitia. Afadhali uache antena mahali pake, uendeshe redio kwa betri, kisha uzime vifaa vya nyumbani kimoja kimoja. Ukishamjua mkosaji, mwashe tena na uzungushe kebo kwenye pete ya feraiti. Kelele itakayopungua ndiyo iliyokuwa ikipita nje ya kebo.

Feraiti haigusi mkondo wa ndani, kwani unaokwenda na unaorudi hufutana; ule wa nje hauna wa kuufuta. Lakini kupitisha kebo mara moja tu huleta makumi ya ohmu. Uzuiaji hukua takriban kwa mraba wa mizunguko, hivyo mizunguko 10 au 12 hufikisha maelfu.

Wapo wanaotegemea fimbo ya ethi kuondoa kelele hiyo. Udongo mkavu wa Mbeere hupitisha umeme kwa shida, lakini hata ungelowa, waya wa ethi wa mita 10 ni robo ya wimbi la mita 40, yaani la megahezi 7, na ncha yake ya juu huwa kama haijagusa ardhi. Fimbo ibaki kwa ajili ya radi. Na ingawa feraiti haiwezi kuondoa kelele ambayo antena imeinasa yenyewe, hiyo hupungua antena ikihamishwa mbali na paa la sola. Pete ya kwanza ifungwe dipoli inapoungana na kebo. Ya pili, kebo inapoingia nyumbani.