Nani Atachagua Mchele?

Nyumbani kwa bibi yangu, Tanga, hapakuwa na shughuli bila pilau, na hapakuwa na pilau kabla mchele haujachaguliwa. Mpishi alikuwa na jina lake. Watu walimsifu kabla ya kunawa, wakamsifu tena baada ya kunawa. Lakini mpishi hajawasha moto kulikuwa na ungo, na juu ya ungo kulikuwa na macho na vidole vya watu ambao hakuna aliyewataja: wanawake wawili watatu barazani, na sisi watoto. Bibi alikuwa akiniita, "Mume wangu, hebu njoo. Macho yangu mimi yamekwisha." Kisha ananiwekea ungo mapajani. Hakuniuliza kama najua kupika. Chuya ni chuya na jiwe ni jiwe, anayeliona analitoa.

Nimeukumbuka sana ungo ule tangu nilipoingia katika kazi ya kompyuta, na leo nataka kusema jambo kwa ukali kidogo. Ndugu msomaji anisamehe akijiona ndani yake. Mimi mwenyewe nimo.

Kuna programu iitwayo PostgreSQL. Yawezekana hujaisikia, lakini si ajabu ikawa imehifadhi jina lako mahali fulani. Ni hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu ndani ya kompyuta, ambamo ofisi, maduka, shule na hospitali huweka orodha zao na kuzipata tena upesi. Mfumo wa DHIS2, unaokusanya takwimu za afya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na katika nchi nyingine nyingi, umesimama juu yake. Mtoto akipimwa malaria zahanati, na muuguzi akamhesabu katika taarifa ya mwezi, hesabu ile huishia humo.

Ghala hili halina tajiri mmoja anayelimiliki. Mbegu yake ilipandwa mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Jina lake la sasa ni la mwaka 1996. Na tangu hapo limejengwa na watu waliotawanyika pande zote za dunia. Msimbo wake, ndiyo maandishi yanayoiamuru kompyuta la kufanya, uko wazi. Yeyote aweza kuusoma, kuunakili na kuubadili bila kulipa senti. Ukitaka kuongeza kitu huandika kipande cha mabadiliko, ambacho wenyewe hukiita kiraka, ukakipeleka mbele ya wote. Wenye ruhusa ya kukishonea katika nguo ni wachache, kama watu thelathini hivi. Kabla hawajakishonea, yatakiwa watu wengine wakisome, wakijaribu, wakitafute mawe. Hiyo ndiyo kazi ya kuhakiki. Na hiyo ndiyo kazi isiyopata watu.

Si kwamba haijawekewa utaratibu. Tangu mwaka 2008 mradi una misimu ya kuhakiki, na miaka ya karibuni imekuwa mitano kwa mwaka: Julai, Septemba, Novemba, Januari na Machi, kila mmoja mwezi mzima, ambamo watu huombwa waache kuandika mapya wasome ya wenzao. Foleni ya viraka hupita mia mbili, na mara nyingine mia tatu. Kuna na kanuni, imeandikwa, si siri: ukileta kiraka, nawe uhakiki kiraka cha mwenzako chenye uzito kama wa chako. Moja kwa moja. Kanuni nyepesi namna hii ningedhani ingetimizwa hata na mlevi. Haitimizwi. Kiraka kinavuka msimu huu hadi ule, mwandishi wake anakirekebisha kila mara msimbo mwingine unapobadilika chini yake, mwisho anachoka na kwenda zake.

Sasa nijitaje. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika ofisi moja ya takwimu, na kila mwezi tulipakia mafaili makubwa kutoka wilayani. Faili likiwa na kasoro, ujumbe wa kosa uliotoka haukutusaidia kitu. Nikaandika kiraka cha mistari arobaini hivi kuurekebisha, nikakipeleka, nikakaa kungoja shangwe. Mwezi ukapita. Wa pili ukapita. Wa nne nikaandika barua ya hasira. Nilisema kwamba mradi huu unajidai umefungua mlango kumbe mlango wenyewe ni wa kuchorwa ukutani. Kwamba sisi wa pembe hizi hatusomwi. Mambo mengi nilisema, na mengine nayaona haya mpaka leo.

Jibu lilikuja fupi, la mtu mpole. Alinishukuru kwa kiraka, akasema amekwisha kukitazama na ana maswali mawili. Kisha akauliza: na wewe umehakiki vingapi?

Sikuwa nimehakiki hata kimoja. Ile kanuni nilikuwa nimeisoma, nikaihesabu kuwa yawahusu wakubwa.

Hapa ndipo ninapotaka kugombana. Kisingizio kinachotolewa na kila mtu, nami nilikitoa, ni hiki: "Mimi sijui vya kutosha." Kinavaa kanzu ya unyenyekevu. Lakini tazama vizuri: mtu huyu huyu asiyejua vya kutosha kusoma kazi ya mwenziwe alijua vya kutosha kuandika yake na kudai wengine waache shughuli zao waisome. Unyenyekevu gani huu unaotokea wakati wa kutoa tu, na wakati wa kupokea hauonekani? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumekaa siku ya mia tunaulizia chai.

Tena si kweli kwamba kuhakiki kunataka mtaalamu. Kuna sehemu inayomtaka, sikatai. Kama kiraka kinagusa namna ghala linavyolinda kumbukumbu umeme ukikatika, sharti akisome mtu aliyezeekea humo. Lakini kabla ya kufika huko kuna maswali ya ungo. Je, kiraka kinakaa juu ya msimbo wa leo, au kilishonwa kwa nguo ya mwaka jana? Programu inajengeka? Majaribio yanayokuja pamoja nayo yanapita? Maelezo ya mtumiaji yameandikwa, na yanasema kile ambacho programu inafanya kweli? Ukiipa kitu cha kipuuzi, inajibu nini? Haya yote yanafanywa na mtu yeyote mwenye kompyuta, subira, na ujuzi mdogo wa kufuata maagizo.

Mimi kiraka changu cha kwanza kukihakiki nilikichagua kwa sababu kilikuwa kifupi. Nilikifanyia kazi usiku miwili, na wa kwanza umeme ulikatika nikamalizia kwa betri. Mantiki ya ndani sikuielewa yote. Nikajaribu kwa majedwali ya kawaida, ikaenda. Nikajaribu kwa jedwali tupu, ikaenda. Kisha, kwa kutokujua kwangu, nikaunda jedwali lisilo na safu hata moja, kwa kuwa PostgreSQL inaruhusu kituko hicho, nami sikuwa najua kwamba watu wenye akili hawafanyi hivyo. Programu ikaanguka chini kama gunia. Mwandishi wa kiraka alikuwa mtu wa miaka mingi katika kazi hii. Hakuwa ameliwaza jedwali lile, kwa sababu alikuwa anajua sana. Alirekebisha siku ile ile, akanishukuru. Nilitembea wiki nzima kama niliyeshinda uchaguzi.

Kinyozi hajinyoi. Aliyeandika msimbo anaona alichokusudia kuandika, haoni alichoandika. Kwa hiyo swali halikuwa kamwe nani ana akili zaidi. Swali ni nani ana macho mengine.

Wapo watakaonijibu kwamba penye wengi haliharibiki neno. Msimbo uko wazi kwa dunia nzima, basi kosa halitajificha. Usemi huu umewalaza watu usingizi wa pono. Katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, kosa lililokuja kuitwa Heartbleed liliingia mwishoni mwa mwaka 2011. Kiraka kile kilihakikiwa, na mtu mmoja, naye hakuliona. Baada ya hapo msimbo ulikaa wazi, uchi wa mnyama, mpaka Aprili 2014 kosa lilipotangazwa. Dunia nzima iliweza kuusoma. Kuweza kusoma si kusoma. Mchele uliowekwa barazani mbele ya watu mia, kila mmoja akidhani mwenziwe ameuchagua, utapikwa na mawe yake.

Na mambo ya mwaka 2024 yanatisha zaidi. Programu ndogo ya kubana mafaili, xz, ilikuwa imetunzwa kwa miaka na mtu mmoja, kwa kujitolea, naye amechoka na alikwisha kusema amechoka. Akaja msaidizi aliyejiita Jia Tan, akachapa kazi kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa funguo. Kisha akapandikiza mlango wa siri ambao ungempa kuingia katika seva zisizo na idadi. Aliyeugundua, Machi mwaka ule, ni Andres Freund, mmoja wa hao wachache wenye sindano ya PostgreSQL. Alikuwa akipima kasi ya hifadhidata akaona kuingia kwenye mashine kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengi wetu tungeinuka tukanywe maji. Yeye alifuata. Nampa heshima zake zote, lakini naomba tusiigeuze hadithi hii kuwa ya shujaa. Upande mmoja pana mtu aliyeachwa peke yake na ungo mpaka akamkabidhi wa kwanza aliyejitokeza. Upande mwingine pana bahati ya nusu sekunde.

Nimewasema wageni, sasa wenyeji. Wakubwa wa miradi hii husimama mara kwa mara wakatangaza: karibuni nyote mhakiki, kila mchango una thamani. Maneno mazuri, na hayamleti mtu. Mgeni anafika, anahakiki kiraka kwa jasho la siku tatu, anaandika alichoona. Kimya. Wiki ya pili anapita mkubwa mmoja, anasema mambo yale yale kwa sentensi mbili, na mazungumzo yote yanaendelea kutoka kwenye sentensi zile mbili. Hakuna aliyemtukana mgeni. Ila hatarudi, nami simlaumu.

Halafu kuna sifa. Orodha ya mambo mapya inapotoka kila mwaka, kando ya kila jambo pana jina la aliyeliandika. Aliyelihakiki yumo pia, chini kabisa, katika orodha ndefu ya alfabeti pamoja na kila aliyeripoti tatizo. Ni afadhali kuliko zamani, nakubali. Lakini kijana anayetafuta kazi aonyeshe nini? Aseme yale mawe ambayo hamkuyatafuna niliyatoa mimi?

Makampuni nayo. Wengi wa waandishi wakubwa wa PostgreSQL wameajiriwa, na mshahara wao unatoka kwa makampuni yanayouza huduma juu ya programu hii. Si vibaya, bila mishahara hiyo kazi ingekufa. Ila mteja hulipia jambo analolitaka yeye, na bosi humpa mtu muda wa kuliandika jambo hilo. Muda wa kusoma kiraka cha kampuni nyingine haumo katika bajeti ya mtu. Kwa hiyo foleni inajazwa na watu wanaolipwa, na inapunguzwa kwa saa za usiku na siku za mapumziko. Ningekuwa na amri, kampuni inayoleta viraka kumi bila kuhakiki kumi vya wengine ningeviweka vyote mwisho wa foleni, na jina lake ningelibandika mlangoni. Najua kwamba wenyewe hawapendi lugha hiyo. Wanaogopa kumfukuza mtu kwa kumwaibisha. Nami nawauliza: yule aliyechoka akaondoka kimya, huyo hamkumfukuza?

Bibi hakuwahi kusimama uani akatangaza kwamba wachaguaji wa mchele wanakaribishwa. Angefanya hivyo tungekimbilia baharini sote. Aliita jina, akaweka ungo mapajani, wenye kiasi unachoweza kumaliza kabla ya adhuhuri, na ulipomaliza aliutazama, akapitisha vidole, akasema "hapa umeruka moja." Kulikuwa na miaka ambapo wasimamizi wa misimu walifanya karibu na hivyo: mtu akijiandikisha kujitolea, hupangiwa kiraka kwa zamu, hiki ni chako. Ni kazi ya kuchosha kwa msimamizi, ya kukumbushana na kubembeleza, ndiyo maana watu hawagombei kuifanya. Lakini sijaona njia nyingine iliyomtoa mtu barazani.

Kwa hiyo mimi nafanya yangu madogo. Ofisi niliyopo sasa ina vijana wawili wanaofahamu kompyuta kuliko mimi nilivyofahamu umri wao. Mkuu wetu nilimwomba saa tatu za alasiri ya Ijumaa. Aliuliza sisi tunapata nini, nikamwonyesha seva yetu na kumwambia hajawahi kuilipia programu iliyomo. Alinipa saa mbili. Ijumaa iliyopita niliwagawia kila mmoja kiraka chake, kwa jina. Mmoja alisoma kwa muda, akageuza kiti. "Mzee, hiki sikielewi. Maelezo yake yanasema hivi, programu inafanya vile."

Nikamwambia aandike hivyo hivyo, kabla hajaelewa.