Usafi si kuchoma majani

Tangu Desemba 9, 2015, sherehe za Uhuru zilipogeuzwa kuwa siku ya usafi nchi nzima, wananchi wengi tumezidi kuzoea kushika fagio na fyekeo. Hilo ni jambo jema, maana kipindupindu hakina mzaha. Lakini huku kwetu Zegereni, Kibaha, usafi umekuwa na maana moja tu: fyeka, kusanya, choma.

Mimi mwenyewe ni mmoja wa wakosaji. Januari iliyopita, shule zilipofunguliwa, niliwaagiza wanafunzi wachome lundo la majani ya miembe lililokaa nyuma ya darasa kwa miezi mingi. Moto ulipozimika tulimkuta kalunguyeye amekufa pamoja na watoto wake wawili. Mtoto wa darasa la nne akaniuliza: "Mwalimu, si ndiye uliyetufundisha kuwa anakula wadudu?" Sikuwa na jibu. Somo hilo nililiandika ubaoni kwa mkono wangu. Chuo cha ualimu tulifundishwa kuwa mwalimu hufundisha kwa vitendo, na siku ile nilifundisha kweli, lakini kinyume.

Ndugu Mhariri, lundo la majani si takataka tupu. Chura hujificha humo mchana, na usiku hutoka kula wadudu. Mijusi nayo imo. Jongoo na minyoo huyavunjavunja majani hadi yakawa mbolea. Udongo wetu wa Pwani ni wa kichanga na una njaa ya mbolea, nasi tunaigeuza moshi, kisha tunalalamika kuwa mihogo haizai.

Mikorosho nayo tunaiumiza. Wakulima wengi wanawachukia maji moto kwa sababu wanauma. Lakini chungu hao, wanaoshona majani na kufanya viota, ndio askari wa mkorosho na mnazi. Huwawinda mbu wa mikorosho, na hata wale wadudu wanaofyonza vidaka vya nazi mpaka vikadondoka. Tukiwasha moto chini ya mti, tunawaunguza askari wetu, kisha tunakwenda dukani kununua dawa. Kufyeka chini ya mikorosho ni lazima, la sivyo korosho hazitaonekana wakati wa kuokota. Ninachopinga ni moto.

Najua wako watakaosema, "Mwalimu anatuletea nyoka." Hoja hiyo ni ya haki, na wala sisemi tuishi vichakani. Tufyeke kuzunguka nyumba, madarasa, vyoo na njia. Makopo, vifuu na matairi yanayotuama maji tuyaondoe kabisa, maana humo ndimo mbu wanamozaliana. Mifuko ya plastiki tuitenge. Lakini majani na nyasi tuzirundike pembeni mwa shamba, mbali na nyumba, na watoto waonywe wasiingize mikono humo. Baada ya miezi kadhaa tutapata mbolea bila kutoa hata senti moja. Tena tukifyeka, tuanzie upande wa nyumba kuelekea porini, ili viumbe wapate pa kukimbilia. Na kama ni lazima kuliondoa lundo la zamani, tulipekue kwanza polepole kwa mti mrefu.

Taifa letu linasifika duniani kwa kutunza wanyama. Mwalimu Nyerere alitoa ahadi hiyo katika Ilani ya Arusha mwaka 1961, hata kabla hatujapata Uhuru. Lakini watoto wengi ninaowafundisha hawajafika Serengeti. Wanyama wanaowajua ni kalunguyeye, chura na kinyonga wa uani. Mtoto anayeamriwa na mwalimu wake kuwachoma hao, tutamwambiaje kesho amtunze tembo?

Nawaomba walimu wenzangu, mabwana shamba na viongozi wa vijiji na mitaa tulisemee jambo hili mikutanoni kila siku ya usafi inapokaribia. Shuleni kwetu tumekwisha chimba shimo la mboji, na viberiti tumeviweka kando.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Zegereni, Kibaha.