Damu Kwenye Choo Si Bawasiri Mpaka Ithibitike

Taifa letu limezoea kuhesabu majengo. Bajeti ya afya ikisomwa, tunasikia idadi ya zahanati zilizokamilika na vituo vya afya vilivyoezekwa. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza mwaka 2007, ulikusudia zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Lengo lilikuwa jema. Lakini mgonjwa akishaingia katika mlango huo, je, anachunguzwa, au anagawiwa vidonge tu?

Saratani ya utumbo mpana yatosha kutupa jibu. Miongoni mwa saratani zote duniani, ni ya pili kwa kuua. Mwaka 2022 pekee iliua watu wapatao 900,000. Mara nyingi hubisha hodi kabla ya kuua: damu kwenye choo, haja kubwa kubadilika kwa wiki kadhaa, maumivu ya tumbo, kukonda, kupungukiwa damu. Katika nchi zenye tiba kamili, ikigunduliwa ingali ndani ya utumbo, wagonjwa takriban tisa kati ya kumi huwa hai miaka mitano baadaye. Ikishaenea hadi kwenye ini au mapafu, hubaki mmoja au wawili.

Sasa chukulia mkulima wa miaka 50 anayefika zahanati akilalamika kutokwa na damu. Ataambiwa ni bawasiri. Akirudi, ataambiwa ni amiba. Akirudi mara ya tatu amepauka, atapewa vidonge vya kuongeza damu. Hakuna aliyevaa glavu akampima kwa kidole, ilhali uvimbe ulio karibu na njia ya haja kubwa huweza kuguswa hivyo. Wala hakuna aliyejiuliza mwanamume huyu, asiyepata hedhi wala kujifungua, anapotezea wapi damu yake.

Vijana nao wasijidanganye. Mwigizaji wa Marekani, Chadwick Boseman, alifariki kwa ugonjwa huu mwaka 2020 akiwa na miaka 43.

Wapo watakaosema tuige Uingereza. Huko, tangu mwaka 2023, taasisi ya miongozo ya tiba, NICE, inapendekeza wagonjwa wengi wenye dalili wapewe na daktari wa ngazi ya msingi kipimo cha kinyesi kiitwacho FIT, kinachotafuta damu hata isiyoonekana kwa macho. Ikifika maikrogramu 10 za hemoglobini kwa gramu ya kinyesi, mgonjwa hupewa rufaa ya haraka. Kwetu, kipimo hicho peke yake kitatuchanganya. Minyoo ya safura humwaga damu tumboni. Kichocho cha matumbo, kinachowasumbua wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria, nacho humwaga damu. Kinachofaa kuigwa ni nidhamu yao: dalili haiachwi bila jibu.

Nidhamu hiyo haihitaji mitambo ya mabilioni. Siku ya kwanza mgonjwa apimwe kwa kidole, apimwe wingi wa damu, na choo chake kitazamwe kwa darubini. Kilichoonekana kitibiwe, naye apewe tarehe ya kurudi. Damu isipokoma, au upungufu wa damu usipoisha, iandikwe rufaa ya kwenda penye kamera ya utumbo. Duru ya pili ya vidonge vilevile ipigwe marufuku.

Simlaumu tabibu aliye peke yake mbele ya foleni ndefu. Naulaumu mfumo unaomdai takwimu za wagonjwa aliowahudumia bila kumuuliza ni wangapi walirudi na tatizo lilelile. Tena tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Bima itakayokataa kulipia kamera leo italipia upasuaji usio na tumaini kesho.

Basi, ndugu mtumishi wa umma, ongeza safu moja katika taarifa ya robo mwaka: siku ngapi zilipita kati ya lalamiko la kwanza la mgonjwa na jibu la ugonjwa wake? Nawe mwanaharakati, idai safu hiyo kwa sauti ileile unayodai nayo barabara na maji. Safu hiyo ikibaki tupu, majengo yetu yote yatakuwa vibanda vya kusubiria kifo.